Mawe ya Mtoto wa Nne

Mwanamke mmoja alikuwa na shule iliyokua upesi, kama mtoto anayeachwa na nguo zake kila baada ya miezi michache. Alikuwa mwalimu mkuu, jina lake Nakiete, na shule yenyewe ilikuwa juu milimani, huko Upare. Ilijengwa kwa ajili ya watoto mia mbili. Sasa walikuwa mia tano na kitu. Darasa la tatu na la nne walikaa chumba kimoja, wamepeana migongo, kila upande na ubao wake, na walimu wawili wakishindana kwa sauti. Watoto wa upande huu walizijua hesabu za upande ule kuliko za kwao.

Mwalimu Nakiete alitaka vyumba vitatu. Viwili vya kawaida, na kimoja ambacho hakuna mzazi aliyekiomba: chenye mlango mpana usio na kizingiti, na njia ya mteremko badala ya ngazi, kwa ajili ya watoto wasioona, wasiosikia, wasiotembea, na wale ambao akili zao zina mwendo wake. Halmashauri haikukataa. Ilisema kama inavyosema siku zote: wananchi wapandishe boma, yaani kuta tupu, nayo itaezeka na kuweka milango. Ila kwa chumba cha tatu ilitaka kitu kimoja zaidi ndipo imlete mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Ilitaka majina ya watoto, kabla ya mwezi kwisha. Bila majina, chumba kingekuwa stoo ya majembe.

Basi akaitisha mkutano, akauliza ni nyumba zipi zina watoto wa namna hiyo. Watu wakatazama viatu vyao. Mwishowe mama mmoja akasema kwa upole, "Mwalimu, huku kwetu Mungu ametunusuru." Wengine wakaitikia amina.

Nyumba mia nne, na hakuna hata mtoto mmoja! Ukweli ni kwamba kila mtu alizijua habari za nyumba ya jirani, na kila mtu aliamini kwamba za nyumba yake hazijulikani. Wakaishi hivyo kwa adabu kubwa, miaka nenda miaka rudi. Na msiwadhanie ubaya. Watoto wale walikuwa wakiogeshwa, wakilishwa, wakiimbiwa. Walipendwa kwa moyo wote, ila uani.

Kazi ya ujenzi ikaanza kwa msaragambo, ndivyo Wapare wanavyoiita kazi ya pamoja. Asubuhi hupigwa baragumu, na nyumba isiyotokea itasemwa mpaka kwenye harusi za wajukuu. Utaratibu wa mawe ya msingi ulikuwa ule ule wa tangu zamani: mawe kumi kwa kila mtoto wa nyumba, awe anasoma au bado ananyonya, kwa maana anayenyonya leo atasoma kesho. Mawe hupandishwa kutoka mtoni, na kila nyumba huweka lundo lake peke yake, lionekane. Mwenyekiti wa kijiji, Elinihaki, alipita na daftari lake. Alikuwa mtu mwema, na alipenda sana kukagua.

Siku ya tatu akafika kwenye lundo la Zabroni, mwenye mashine ya kusaga. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Shemeji," akasema, "unga umekuingia machoni? Haya ni mawe arobaini. Wewe una watoto watatu. Au huyu wa nne umemwokota kwenye pumba?"

Watu wakacheka sana. Zabroni naye alikuwa mtu wa utani, kwa hiyo wakasubiri arudishe. Hakurudisha. Aliliweka sawa jiwe la juu lililotaka kuporomoka, akasema:

"Wa nne anaitwa Namkunda. Ana miaka kumi na mmoja, hasikii, na kila mnapokuja kusaga huwa namfungia chumbani. Mwandike."

Kicheko kikakatika. Elinihaki akaandika.

Adhuhuri, mke wa Elinihaki akaonekana anateremka tena mtoni, ingawa nyumba yake ilikuwa imekwisha kumaliza zamu. Akapanda na karai kichwani, mawe mawili. Akateremka. Akapanda. Safari tano. Yote kumi akayaweka juu ya lundo la mumewe, mbele ya macho ya mumewe, kisha akasimama hapo, jasho linamtoka. Kijana wao wa kwanza hakuwa akitembea; mama huyu alikuwa amembeba mgongoni kwa miaka kumi na minne. Watu walijua. Hakuna aliyewahi kujua mbele yake.

Elinihaki akalitazama lile lundo. Alikuwa amewasahihisha watu siku tatu. Angeweza kusema mke wangu amechanganya hesabu, na kijiji kizima kingemuunga mkono, kwa kuwa ni watu wa adabu. Akavua kofia. Akafungua ukurasa wa nyumba yake mwenyewe, akakata tarakimu ya zamani, akaandika mpya. Kisha akalitaja jina la mwanawe kwa sauti, kama alivyokuwa akiyataja ya watoto wa wengine.

Mama aliyesema Mungu amewanusuru ndiye aliyefuata kuteremka mtoni. Baada yake sikuambiwa ni nani. Walikuwa wengi njiani. Kufikia Ijumaa mwalimu Nakiete alikuwa na majina ishirini na matatu. Hakutoa hotuba. Aliyaandika kwa mwandiko mzuri, akayapeleka halmashauri siku nne kabla ya mwezi kwisha, na halmashauri ikatimiza neno lake.

Siku ya kufungua darasa, Zabroni alifunga mashine, akamshika Namkunda mkono, akapita naye barabara kubwa, si kile kichochoro cha migombani. Watu wakawasalimia kwa mdomo, kisha wakakumbuka, wakainua mikono. Namkunda akawainulia wote mkono wake, mmoja mmoja, bila kumruka mtu, hata wakachelewa kufika.

Nanyi mliokuja hapa leo na watoto wenu wamevaa vizuri, nawauliza: mwalimu yule angepita kwenu asubuhi hii, mngemwambia mna wangapi?