Abiria wa Alfajiri

Wahenga waliosema kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake hawakuwa wakizungumzia ndege peke yao. Walituasa kwamba kila mtu ana namna yake ya kufika anakokwenda, na kwamba anayejaribu kuruka kwa ubawa wa jirani huishia kuanguka mbele ya kadamnasi. Asiyeamini na aende Kisangani, amuulize Paluku, mfanyabiashara wa jumla, aliyejifunza maana ya maneno hayo kwa jasho lake mwenyewe.

Paluku aliingia mjini kutoka Butembo akiwa kijana, akaanza kwa kutembeza sabuni mkononi. Miaka ikapita, Mungu akambariki, na sasa alikuwa na ghala la chumvi, sabuni na samaki wakavu karibu na soko kuu. Kadiri ghala lilivyojaa ndivyo na tumbo lake lilivyojaa. Hapa kwetu hilo si aibu hata kidogo, kwa sababu tumbo la mfanyabiashara ni kama kibao cha duka lake. Asubuhi alitoka kitandani akaingia garini, akatoka garini akakaa kitini, na jioni akarudi vivyo hivyo. Sifa yake iliyojulikana kuanzia Mangobo, alikoishi, hadi Banalia, walikotoka wateja wake wengi, ilikuwa moja: hakuwahi kumngojesha mteja. Akisema saa kumi na mbili, saa kumi na mbili mlango u wazi, hata mvua ikinyesha ya kung'oa mabati.

Mwanzoni mwa mwaka alipatwa na kiu isiyokatika. Alikunywa maji kama mtu aliyekula chumvi ya ghala zima, na miguu ikaanza kufa ganzi. Siku moja kandambili yake ya kushoto ilimvuka njiani na hakujua mpaka alipofika nyumbani. Mkewe, Wivine, alimburura hadi kwa daktari Émilie, mwanamke mpole asiyejua kupaka maneno asali.

"Papa Paluku, sukari yako iko juu sana," daktari alisema. "Dawa peke yake haitaweza. Lazima ufanye sport, na kila siku, si leo ndiyo kesho hapana. Kisha Paska tutapima tena. Kama haishuke, tutaanza sindano, na hii miguu, bon, miye sitakudanganya."

Paluku aliitazama miguu yake. Kaka yake, Clovis, aliugua ugonjwa huo huo akapuuza, na sasa alikuwa akishinda kwenye kizingiti cha nyumba yake huko Butembo, mguu mmoja umekatwa, suruali imekunjwa chini ya goti. Paluku alimpenda sana Clovis, na hakuna kitu duniani alichokiogopa kama kukunja suruali namna ile.

Basi akapiga moyo konde. Kwanza alijiunga na vijana wa Merdi, jirani yake, ambao kila asubuhi hukimbia barabarani wakiimba. Alinunua viatu vyeupe na kofia. Siku ya kwanza ubeti wa kwanza aliuimba pamoja nao, ubeti wa pili akauimba peke yake, maana wenzake walikuwa wamekwisha kukata kona. Magoti yalivimba, naye akalala siku mbili akikandwa kwa maji ya moto.

Alipopona aliamua kutembea tu. Kumbe huko ndiko alikojitafutia balaa. Pikipiki hazikumpita bila kusimama.

"Patron, gari iko wapi? Panda tu, hautalipa," walimwambia kwa huruma, na alipokataa walimfuata polepole hadi akubali. Mji mzima uliona tajiri anatembea kwa miguu, ukakata shauri kwamba amefilisika. Kabla juma halijaisha, akina mama wa parokia walifika nyumbani na nyuso za msibani, wakamshika Wivine mikono.

"Mama Plamedie, tulisikia biashara ilianguka. Jikaze. Tuko tunakuombea."

Wivine alitamani ardhi ipasuke immeze. Jioni hiyo alimkataza mumewe kutembea. Ndipo Léopold, mfanyabiashara mwenzake mwenye ghala jirani, alipomsifia mashine yake ya kukimbilia ndani ya nyumba, na Paluku akanunua kama ile ile. Lakini umeme wa mtaani kwao ulikuja ulipojisikia. Haukupita muda, mashine ikawa mahali pazuri pa kuanikia sare za shule za binti yao, Plamedie.

Sababu zilitofautiana lakini mwisho ulikuwa mmoja: kuanza kwa kishindo na kuacha kwa minong'ono. Paluku alianza kumkwepa daktari. Mbele ya watu alicheka, ila moyoni alikuwa na hofu, tena hofu kubwa.

Katika kona ya ghala lake palikuwa na baiskeli kuukuu yenye mto mnene wa sponji juu ya kibebeo chake cha nyuma. Ilikuwa toleka, kama tunavyoziita baiskeli za kubeba abiria mjini kwetu. Neno lenyewe ni la Kilingala, maana yake "tupite". Zilijaa barabara zote kabla pikipiki hazijazipokonya wateja. Paluku aliitia upepo, akaipeleka nyumbani, akawa anaitoa kabla hakujapambazuka ili asionekane na mtu. Asubuhi mbili tatu alizunguka mtaani, na tayari alikuwa amekwisha kutafuta kisingizio cha kuiacha nayo.

"Toleka," sauti iliita kutoka kwenye pembe ya barabara.

Paluku alifunga breki bila kufikiri. Mbele yake alisimama Mama Binti, bibi wa ukoo mmoja wa zamani wa Waislamu wa mji huo, aliyeuza mikate, yaani yale maandazi madogo ya kukaanga, sokoni. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee. Issa, mwenye toleka aliyemzoea, alikuwa amerudi kwao Banalia kulima. Kabla Paluku hajapata la kusema, bibi alikuwa amekwisha kukaa upande juu ya mto, beseni lake la mikate mapajani.

"Twende sokoni, mutoto yangu. Na pole pole kwa mashimo, usinimwangie mikate."

Paluku alifungua mdomo ajitambulishe, akaufunga. Utamteremshaje mama mzee aliyekwisha kupanda? Akakanyaga pedali. Walipofika sokoni shati lilikuwa limemganda mgongoni na alikuwa akihema kama mvukuto. Mama Binti alishuka, akamfungia mikate minne ya moto katika karatasi.

"Hii ndiyo nauli. Issa alizoea hivyo. Na kesho usichelewe, banafunzi banapita mapema."

Akaondoka zake. Paluku alibaki ameshika kitu kimoja ambacho daktari alimkataza kabisa kukila, na juu ya hayo amepata mteja.

Alfajiri iliyofuata mvua ilikuwa ikinyesha. Magoti yaliuma, kitanda kilikuwa na joto, na Paluku alianza kujadiliana na nafsi yake kama kawaida. Katika mijadala hiyo kitanda hakikuwahi kushindwa. Lakini safari hii kulikuwa na mama mzee amesimama kwenye pembe ya barabara na beseni kichwani, akimngoja yeye. Kwa nafsi yake Paluku alikuwa mwongo mkubwa; kwa mteja hakuwahi kusema uongo. Alivaa koti la mvua, akatoka.

Akatoka kesho yake na kesho kutwa. Mikate ya nauli aliwagawia wapakiaji wa ghala lake, waliomwombea Mama Binti maisha marefu. Kuhema kukapungua. Mkanda wa suruali ukaanza kutafuta tundu jipya. Asubuhi moja barabarani aliwakuta Merdi na vijana wake wamejaza njia wakikimbia na kuimba.

"Toleka, batoto," Paluku alisema, akagonga kengele, akawapita na abiria wake. Moyo wake ulimchezea kifuani kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu ujana wake.

Siri ya mtaa haidumu. Wivine alimngojea mezani uso umemkunjamana.

"Papa Plamedie, batu banasema umekuwa toleka. Mutoto analia, benzake banamucheka ku masomo."

"Mama Plamedie," Paluku alijibu taratibu, "unataka bwana wa kuchekwa ao bwana wa muguu moja?"

Alfajiri iliyofuata Wivine aliamka kabla yake akamchemshia chai isiyo na sukari.

Hata hivyo mtihani mkubwa ulikuja sokoni. Léopold alikuwa amesimama na watu wake langoni Paluku alipofika akitokwa jasho. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akapaza sauti ili wote wasikie.

"Mama Binti, unajua hii toleka yako ni nani? Ni patron Paluku, mwenye depo ya chumvi. Alianguka mpaka anabeba mikate."

Soko zima liligeuka. Paluku alihisi masikio yakimwaka moto. Ajabu ni kwamba hakuogopa kucheka kwao. Aliogopa kwamba mama huyu, akisikia, ataona haya kubebwa na tajiri, atatafuta baiskeli nyingine, naye Paluku atarudi kwenye kitanda chake na kwenye suruali ya Clovis.

Mama Binti alishuka bila haraka, akamsogezea uso hadi karibu.

"Weye ni patron Paluku?"

"Ndiyo, mama."

"Na kesho utafungua depo?"

"Nitafungua, mama."

"Donc njia yako ni hii hii. Utanipitia ao hautanipitia?"

"Nitakupitia."

"Basi maneno iliisha. Alhamdulillahi, Issa hakukuwa anafika kwa saa kama weye." Kisha akamgeukia Léopold. "Na weye, unipishe, mikate inapoa."

Kicheko kililipuka upya, safari hii kikimwangukia Léopold, ambaye aliingia ghalani kwake kutafuta kazi ya kufanya. Paluku alisimama wima pale langoni, ameshika usukani wa baiskeli, na hakumwonea haya mtu yeyote.

Pasaka ilipopita, alikwenda kwa daktari Émilie. Daktari alimtoboa kidole, akaangalia, akakunja uso, akamtoboa kidole kingine kwa kudhani amekosea. Hakuwa amekosea. Sukari ilikuwa imeshuka hadi mahali pake. Alimwambia avue viatu afumbe macho, akamgusa kidole gumba cha mguu wa kushoto kwa ncha ya kalamu.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia, Docteur. Nasikia yote," Paluku alisema, na machozi yakamtiririka mtu mzima huyo bila kificho. Sindano haikuanza. Miguu ilikuwa yake, yote miwili.

"Sasa uniambie," daktari alisema akicheka, "ulipata sport gani, hata nielezee bengine?"

"Sport ilinishinda, Docteur. Miye niko na client."

Habari ilimfikia Léopold, ambaye naye siku hizo alikuwa akihema akipanda ngazi mbili tu. Alikuja ghalani kwa Paluku jioni, ameinamisha kichwa, akaomba kuazimwa baiskeli. Paluku hakumkumbusha ya langoni.

"Chukua," alisema. "Miye niko na ingine. Lakini asubuhi, ni nani atakuwa anakungoja?"

Léopold hakuwa na wa kumngoja. Baiskeli ilirudi kabla ya Jumapili, magurudumu safi kama ilivyotoka. Ila Léopold alikuwa mtu asiyeweza kusikia ngoma akakaa, na haukupita mwezi alikuwa ameingia katika kundi la wacheza ngoma wa parokia, ambalo hufanya mazoezi kila jioni, na huko alicheza mpaka vijana wakaomba kupumzika. Siku alipokutana na Paluku barabarani, mmoja mwembamba juu ya toleka na mwingine jasho tele kutoka mazoezini, walitazamana wakaangua kicheko, kila mmoja akashika njia yake. Ama kweli, kila ndege huruka kwa ubawa wake.