Pepo Walioomba Pa Kwenda

Hadithi inabisha hodi.
— Ipite ndani.
Anayesinzia?
— Akasinzie kwao.

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa bado hawajachoka kusema na sisi, palikuwa na mwanamke akiitwa Naelijwa. Alikuwa na mume mpole kupita kiasi, mtoto wa kunyonya, na mama mkwe, Eliwaza, aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu. Eliwaza alifuga nguruwe jike, mnene kama pipa, mwenye mimba. Naelijwa ndiye aliyemlisha.

Nguruwe yule alikuwa msemaji.

"Pumba za leo chache," husema.

"Nenda kamwambie mwenye pumba," Naelijwa humjibu. Basi wanacheka. Mle nyumbani angecheka na nani mwingine?

Siku moja Eliwaza akapita nyuma ya banda, akasikia mke wa mwanawe anaongea. Maneno ya nguruwe Eliwaza hakuyasikia, maana masikio yake yalizoea kusikia sauti yake mwenyewe tu. Akaenda mbio kwa Mwinjilisti Zefania.

"Yule binti ana pepo. Asipomtoka, namrudisha kwao, na mtoto anabaki hapa."

Naelijwa alipoambiwa, akili ikamruka. Akaenda bandani.

"Wewe nguruwe, kwani wewe ni pepo?"

"Mimi?" Nguruwe akarudi nyuma mpaka ukutani. "Mimi ndiye ninayewaogopa. Zamani kundi zima la ukoo wetu liliingiwa na mapepo ya mtu mmoja, likaporomoka ziwani, likafa. Hakuna aliyetuuliza. Sasa sema kweli, unaye au huna?"

"Sijui."

"Jichunguze."

"Nimejichunguza. Kuna hasira, kuna njaa, na kuna kitu kingine sikijui."

"Basi kaa mbali na mimi," nguruwe akasema. Lakini pumba alikula.

Wakaja kuomba, Mwinjilisti na akina mama, wakamzunguka uani.

"Pepo, taja jina lako."

Naelijwa akanyamaza. Wakasema, "Huyo ni pepo bubu."

Kesho yake wakarudi. "Pepo, taja jina lako."

"Naelijwa," akajibu. Wakasema, "Huyo ni pepo mwongo."

Hapo Naelijwa mwenyewe akaanza kuona pengine ni kweli. Angejuaje? Pepo bubu hasemi kwamba yumo. Pepo mwongo anasema hayumo. Akalala na swali hilo, akaamka nalo, akanyonyesha nalo.

Siku ya tatu Eliwaza alikuwa tayari amembeba mtoto mgongoni, na nguo za Naelijwa zimefungwa furushi, zipo mlangoni.

"Pepo, taja jina lako."

Naelijwa akafungua kinywa bila kujua kitatoka nini. Ikatoka sauti, nzito kidogo.

"Sisi tu wengi. Tutatoka. Ila mtupe pa kwenda."

"Nendeni kuzimu."

"Wenzetu walipewa nguruwe. Imeandikwa."

Imeandikwa kweli, Mwinjilisti angekataaje? Akageuka taratibu, akatazama banda. Akina mama nao wakageuka. Mle bandani nguruwe akalia, lakini Naelijwa peke yake ndiye aliyesikia maneno: "Mimi nina mimba, jamani."

"Ngoja kwanza, Mwinjilisti," Eliwaza akasema. "Nani kasema huyu ana pepo?"

"Wewe, mama."

"Mimi nilisema ana kichwa kigumu. Mtoto wa watu ni mzima." Akafungua mbeleko upesi. "Shika mwanao, binti yangu. Amenikojolea."

"Na hao wengi?" Mwinjilisti akauliza.

"Tufunge kwa sala."

Wakafunga. Naelijwa akafungua furushi. Tangu hapo Eliwaza hakuthubutu kumchinja nguruwe yule, wala hakupata wa kumnunua. Nani angekula nyama ile bila wasiwasi? Nguruwe akazeeka bandani.

"Siku ile ulisema wewe," nguruwe akauliza, "au walisema wao?"

"Sijui."

"Mimi ningelala vizuri ningejua."

"Hata mimi," Naelijwa akasema, akammwagia pumba.

Sijasema mapepo hayapo. Yapo, na wengine huyapeleka kanisani yamefungwa kitenge kizuri. Nasema hivi: ukimtwika mwenzako pepo, andaa chumba kwako, maana akitoka atataka pa kulala.

Ngano yangu imekatikia hapo. Aliyeielewa yote anieleze na mimi.