Fisi Aliyekunywa Kata Arobaini

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, ulikuja mwaka ambao jua lilichoma mpaka mawe yakalia ta, ta, ta, kama bisi. Nyati alibabuka masikio. Ngiri alichubuka mgongo. Lakini kule jabalini kwa pimbi, wale wadogo kama sungura wasio na mkia, ngozi zilikuwa laini, zinang'aa.

Siri yao ilikuwa mtungi. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kukamua mapera na mapesheni ya ukoo mzima. Kila asubuhi mmoja mmoja alipita kwa mwenye zamu, akanywa kata moja. Moja tu.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Bi Mwanamvua. Mtungi umejaa, majirani bado hawajaja. Mara akasikia nje kwaru, kwaru, kucha juu ya mawe. Kisha ikaja harufu.

Watoto wake watatu wakajibana ukutani. Mlango wa pango lao ulikuwa ufa mwembamba, lakini Fisi alikuwa na njaa ya siku nne, tumbo limeshikana na mgongo. Akajipenyeza, akaingia. Ngozi yake ilining'inia vipande vipande, nzi wanamfuata. Akamkanyaga Kishina, kitinda mimba, kwa mguu mmoja.

"Nimesahau kupiga hodi," akasema. "Nisamehe, mama."

"Karibu, Bwana Fisi." Bi Mwanamvua aliikaza sauti. "Una haja gani?"

"Mafuta. Nimeambiwa ukijipaka mafuta ya mtoto wa pimbi, ngozi inapona. Huyu atanitosha mgongo. Wale wawili, miguu."

"Mama," Kishina akanong'ona, "ananibana."

"Tulia, mwanangu." Akamgeukia mgeni. "Bwana Fisi, aliyekuambia hivyo alikucheka. Kuna mafuta gani kwa kijitoto hicho? Ngozi zetu hazipakwi, zinanyweshwa. Nguvu ya tunda inaingia tumboni, inapita kwenye damu, inakwenda kukaa ngozini kama mlinzi. Jua likija, linamkuta. Lakini haina haraka. Kata moja kila asubuhi, mwezi mzima, ndipo utaona."

Fisi akautazama mtungi pale pembeni. "Mna kata ngapi humo?"

"Arobaini. Za ukoo mzima."

"Basi nikizinywa zote leo, mwezi nimeumaliza na siku zimebaki."

"Mimi sikusema hivyo, baba."

"Ndiyo maana hamkui. Mnakunywa kama mnaonja chumvi. Nitakunywa, nitapona, halafu nitakula. Na asisogee mtu."

"Mtungi mzito huo. Kwa mguu mmoja utaumwaga."

Fisi akafikiri, akamwachia Kishina, akaukumbatia mtungi. Gu, gu, gu. Watoto wakataka kukimbia. Mama akawazuia kwa jicho. Bado. Gu, gu, gu. Tumbo likavimba kama ngoma. Juisi ilipofika chini, Fisi akazamisha kichwa chote mtungini alambe.

Hapo mama akawasukuma watoto nje. Wa kwanza. Wa pili. Kishina akakanyaga kijiwe. Tik.

Kichwa kikachomoka. "Mnakwenda wapi?"

Bi Mwanamvua akamtupa mtoto nje, akaruka nyuma yake. Meno yalifunga, kap, yakaambulia manyoya. Fisi akapitisha kichwa ufani, akapitisha mabega. Tumbo likakataa. Mbele hapiti, nyuma harudi, na jua linapanda.

Majirani wakafika na kata zao mkononi, wakasimama mbali.

"Zamu ya leo kainywa mgeni," mmoja akasema.

Bi Mwanamvua hakucheka. Alikuwa amekaa chini, kamkumbatia Kishina, sasa ndipo anapotetemeka.

Adhuhuri Fisi akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, hebu nitazame. Ngozi imeanza kupona?"

"Bado. Nilikuambia mwezi mzima."

Jioni tumbo lilipopungua, akachomoka na kukimbia, pua imebabuka vibaya. Mpaka leo mchana hujificha. Na pimbi nao walihamia kwenye nyufa ambazo hata fisi mwenye njaa hapiti.

Yangu yameishia pale ufani alipokwama Fisi, nanyi yashikeni haya: ngozi hulishwa kidogo kidogo kila siku, na mlafi anywaye yote leo huungua leo hii hii.