Jamvi Chini ya Kuba

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akijenga ukuta mbovu jirani zake walimwambia usoni, mji wa Kisimajuu ulitawaliwa na Sultani Shekuwe. Sultani huyu alipenda elimu kama wengine wapendavyo halua, yaani alitaka nyingi wala hakuuliza imepikwaje. Basi akafungua chuo cha waashi, akakitilia makabati saba ya vitabu, akamweka Sheikh Burhani kuwa mkuu wake. Wanafunzi walikaa humo miaka saba wakichora mistari, na aliyeweza kusoma sura ya matao kwa ghibu pasi na kukwama, alivishwa kilemba akaitwa mwashi.

Ikawa vilemba vinazidi na majengo yanapungua. Ghala liliporomoka kabla halijatiwa punje. Banda la farasi likafuata, na farasi walikuwa wameshatoka wenyewe tangu asubuhi, maana wao walitazama kuta. Mwisho ikaanguka hamamu, na ndani yake alikuwamo mama mkwe wa Sultani. Bibi wa watu alitoka salama, ana shuka moja na povu kichwani, akakatiza sokoni mchana kweupe akimtaja mkwewe kwa majina ambayo hayakuwamo katika makabati yale saba.

Kesho yake baraza likaitishwa. Sheikh Burhani akasimama, akasema, "Seyyidi, wanafunzi wetu hawana upungufu ila wa kitabu. Utupe kabati la nane, na mwaka wa nane."

Nyuma ya watu alikuwapo Vuai, mchimba vyoo, fukara ambaye kanzu yake ilikuwa viraka vitupu. Vuai akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu kama chafya.

"Nani huyo anayecheka barazani mwangu?" akauliza Sultani.

"Ni mimi mja wako, Seyyidi. Vuai."

"Nawe wajua ujenzi?"

"Najua mashimo tu, bwana wangu. Lakini choo changu hakijapata kumwangukia mama mkwe wa mtu."

Watu wote wakatazama vidole vya miguu yao. Sultani akasema, "Ewe Vuai, elimu wanayoikosa wanafunzi wangu utaniletea baada ya siku tatu, yote, ndani ya tenga moja. Maneno sitaki, maneno ninayo makabati saba. Ukishindwa, nyumba yako itavunjwa, na wanafunzi hawa watakujengea nyingine, nawe utahamia humo na mkeo."

Baraza zima likamwonea huruma. Kila mtu aliona kwamba kufukuzwa mjini kungekuwa afadhali.

Vuai akarudi kwake miguu mizito. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake mwaka aliooa, akachimba msingi hata sururu ikagonga mwamba, na masika kumi na nane yalikuwa yamepita juu yake pasi na tone kuingia. Aliipenda kuliko alivyojua, na siku ile ndiyo alijua. Mkewe, Bi Kazija, alikuwa amekaa kibarazani akishona jamvi. Akamsikiliza mumewe mpaka mwisho.

"Vyoo vyote unavyochimba unavitilia vifuniko," akasema, "ila mdomo wako."

"Nilicheka kidogo tu, mke wangu."

"Kidogo hicho ndicho kitakachotutoa hapa. Na mimi nakwambia, ndani ya nyumba iliyojengwa na wale, silali. Heri nilale uwanjani na mbuzi."

Vuai akainua kichwa. "Hebu sema tena."

"Silali, Vuai. Hulali wewe, halali mtu yeyote."

Vuai akalitazama jamvi lile, akauliza litakwisha lini.

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa siku ya kutoa miti iliyoshikiza kuba la ukumbi mpya wa chuo, na Sultani akaweka baraza uani, mbele ya mlango wa ukumbi huo. Vuai akaja na tenga kichwani, akalitua, akatoa jamvi.

Sheikh Burhani akacheka mpaka akashika mbavu. Sultani yeye hakucheka. "Hii ndiyo elimu?"

"Ndiyo, Seyyidi." Vuai akaingia ukumbini, akalitandika jamvi katikati, chini ya kuba. "Sheikh na wanafunzi wake walale hapa, usingizi wa mchana tu, huku vibarua wakitoa miti. Kuba wamelijenga wao, hawana haja ya kuliogopa."

"Laleni," akasema Sultani.

Basi wakalala chali, wamebanana, na vilemba vyao vifuani. Kibarua akagonga mti wa kwanza kwa nyundo. Mwanafunzi mmoja akainua shingo.

"Chokaa hii ina siku ngapi?"

"Tisa," akajibu mwenzake.

"Kitabu kinataka arobaini."

"Wewe ndiye uliyekisoma kwa ghibu ukavishwa kilemba."

Nyundo ikagonga tena. Wa tatu akauliza mchanga ulitoka wapi, akaambiwa pwani, na hapana aliyeuosha chumvi. Wa nne akataka kujua chini ya ukuta ule kuna mwamba au tope, ikaonekana hakuna aliyeshuka shimoni kutazama. Sheikh Burhani mwenyewe, kwa sauti ndogo, akauliza mvua ikinyesha juu ya kuba maji yatapita wapi. Karani wa Sultani alikuwa anaandika kila swali, na kahawa ya baraza ilipochemka karatasi ilikuwa imejaa pande zote mbili. Mti wa kwanza ulipotikisika, jamvi likabaki peke yake na vilemba.

Sultani akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Karatasi hiyo ndiyo itakayosomeshwa," akasema, "na majibu wayatafute kwa mikono. Lakini nambieni, kwa nini siku tisa?"

Sheikh Burhani akawa anatafuta kiatu chake. Vuai akatia mkono ndani ya tenga, akatoa mkeka mdogo wa rangi, mzuri sana, akaingia akautandika pale pale chini ya kuba.

"Na huo wa nani?" akauliza Sultani.

"Wa yule aliyeamuru ukumbi uishe kabla ya Idi, Seyyidi."

Sultani akautazama mkeka, kisha akalitazama kuba. Mchanga kidogo ukamwagika kutoka juu, ukatua juu ya mkeka. Uso ukamshuka mbele ya watu wake wote.

"Miti isiguswe," akasema polepole. "Idi tutakula uwanjani. Nawe Vuai, omba utakacho."

"Nyumba yangu, Seyyidi. Wasiisogelee."

Tangu siku ile, mwanafunzi aliyehitimu hakuvishwa kilemba. Alipewa jamvi la Bi Kazija, akalala masika ya kwanza ndani ya alichokijenga. Na hamamu mpya ilipokwisha, mama mkwe wa Sultani alifika mlangoni na shuka lake, akauliza mambo mawili tu kabla ya kuingia: ule mkeka mdogo uko wapi, na mkwewe yuko wapi.