Fisi na Moshi Usio na Mwenyewe

Kale ya kale, kabla Fisi hajaanza kuona haya, na hata leo hajaanza, ukame uliziingia nchi mbili zilizotenganishwa na mto. Ng'ambo alitawala Simba. Upande huu palikuwa na kinamasi cha mafunjo, na chini yake udongo mweusi wa majani yaliyooza tangu enzi za mababu. Udongo huo ukikauka huwaka kama makaa. Kwa hiyo kila kiangazi wanyama waliziba mtaro ulioshuka mtoni kwa tuta la tope ili maji ya chemchemi yasitoroke, na mmoja wao akawekwa kulilinda.

Mwaka ule Fisi aliomba kazi hiyo. Nao, bila kuliangalia tumbo lake, wakampa.

Kinamasini walijichimbia kamongo, samaki wanene waishio topeni hata maji yakikauka, ambao Fisi hakuweza kuwafikia majini. Siku ya pili tu akalibomoa tuta. Kinamasi kilipokauka akayachoma mafunjo apate kuyaona mashimo yao, kisha akafukua na kula mpaka akashindwa kuinama. Na bado nusu ya samaki walikuwa ardhini.

Miali ya juu ilizimika, lakini chini udongo uliendelea kuungua, na moshi ukavuka mto. Mtoto wa Simba akakohoa hadi akashindwa kunyonya. Simba, kwa kiburi chake, hakuomba. Alituma amri kwamba moto uzimwe. Fisi akajibu kuwa moshi hauna mwenyewe, aulizwe upepo. Jibu hilo lilimpendeza mno, akalirudia peke yake mara tatu.

Sungura akaja kutazama. Alizamisha mkono udongoni hadi kiwiko, akauchomoa upesi.

"Bwana Fisi, moto uko chini. Tuzibe mtaro, maji yarudi."

Fisi aliwawaza kamongo wake wakiogelea na kwenda zao, roho ikamuuma.

"Moto gani? Nimeukanyaga mwenyewe. Umekufa."

"Basi vizuri," akasema Sungura. "Wenzetu wanakuja. Kaa pale katikati wakuone umetulia, wataamini. Tena naona pale kuna mashimo hujayafukua."

Fisi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Wanyama walipofika walimkuta amekaa katikati, kifua mbele, mate yakimtoka. Akafungua kinywa awahutubie. Ganda la udongo likakatika, akatumbukia kwenye majivu ya moto hadi kiunoni.

"Maji! Nileteeni maji!"

"Uliyafungulia mtoni," Sungura akamjibu. "Muulize upepo yamefika wapi."

Walimvuta kwa masikio, maana hakuna aliyetaka kumshika mkono. Kisha wakaziba mtaro. Maji yakapanda, moshi ukakatika, na ng'ambo mtoto wa Simba akanyonya. Kamongo waliobaki walipita mbele ya pua ya Fisi mmoja mmoja, naye miguu imeungua, hawezi kuwafuata.

Tangu siku hiyo, katika nchi zote mbili, anayesema moto umekufa huambiwa kwanza aukalie.