Digidigi na Hatua ya Kwanza

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, vyungu vyao na umbea wao kama sisi, palikuwa na chuo kule mwituni. Chuo cha Maelekezo. Wewe uliyekaa nyuma, usicheke, chuo kilikuwepo! Ukitaka kuandika karatasi ya kuwaelekeza wenzako namna ya kuezeka nyumba au namna ya kuvuka mto, ulikwenda hapo. Unaandika, unakusanya kazi, unasahihishiwa, na ikipita unapigiwa muhuri. Bila muhuri, karatasi yako haibandikwi popote. Amri ilikuwa hiyo.

Basi katika wanafunzi wa mwaka huo alikuwamo Digidigi. Mnamjua, kamnyama kadogo, miguu vijiti, macho makubwa kama ya mtu aliyepokea habari mbaya. Na kweli habari mbaya alikuwa nayo. Alikuwa mjane.

Mume wake alikufa hivi. Asubuhi moja waliteremka mtoni wote wawili, wakanaswa kwa mpigo mmoja, kila mmoja na kitanzi chake shingoni. Wategaji walikuwa wametega njia nzima. Mume alikuwa shujaa. Akavuta! Akavuta tena! Kila akivuta kamba inakaza, mpaka pumzi ikamwisha. Digidigi yeye alikuwa mwoga, siwafichi. Alipoona vile akazimia, puu! akalala pale pale hajitikisi. Alipozinduka, kumbe kitanzi kimelegea. Akarudi taratibu kuelekea kilipo kigingi, akapanua kitanzi, akatoa shingo. Mume wake alikuwa kando yake, ameshakuwa baridi.

Tangu siku hiyo Digidigi alitaka kitu kimoja tu duniani, karatasi ya kujinasua ibandikwe njia ya mtoni, pale pale penye mitego. Alijaribu kuwaambia watu kwa mdomo. Wapi! Aliyenaswa hakumbuki alichoambiwa juzi, anataka kukiona mbele ya macho yake. Akabandika karatasi bila muhuri. Nyati, Mkuu wa Chuo, akapita, kra! akaichana.

"Nenda darasani kama wenzako," akamwambia.

Akaenda darasani.

Mwalimu wake alikuwa Kifaru. Ehee, huyo huyo. Macho yake hayaoni mbali, na hasira zake haziko mbali. Alikuwa akisahihisha kwa wino mwekundu, pua imegusa karatasi, anapumua fuu, fuu. Akikuta asichokipenda mstari wa kwanza, wa pili hausomi.

Digidigi alikusanya kazi yake mara ya kwanza masika yalipoanza. Hatua nne tu. Tulia, pumua mara tatu. Rudi kuelekea kigingi mpaka kamba ilegee. Panua kitanzi. Jitoe.

Ikarudi na wino mwekundu: "Ndefu. Rudia."

Hatua nne, ndefu! Akapunguza maneno, akakusanya tena. Ikarudi: "Fupi. Rudia."

Wiki ile mtoto wa Nguchiro akanaswa. Digidigi akaenda matangani na karatasi yake kwapani, akakaa mkekani na waliofiwa. Nguchiro akamshika mkono, akamuuliza, "Ile karatasi yako imefikia wapi, dada?" Digidigi akasema bado inasahihishwa. Aibu aliyoiona siku hiyo hakuwahi kuiona maishani.

Mara ya tatu mwalimu akaandika, "Utangulizi uko wapi?" Akauandika utangulizi, mzuri, siku tatu nzima. Mara ya nne ikarudi, "Utangulizi wa nini? Futa." Hapo katikati Kwale na mkewe walikuwa wameshakwenda, wamekutwa wamekufa, kamba moja huku, nyingine huku. Mara ya tano hakuandikiwa kitu. Karatasi ilirudi na mstari mmoja mwekundu tu, umepita juu ya kila neno, toka juu mpaka chini.

Digidigi akakaa chini palepale barazani. Kalamu ilimponyoka mkononi, hakuiokota.

Rafiki yake Kanga akaja, ngoo! ngoo! Kanga kazi yake ilipita siku ya kwanza. Aliandika "Namna ya Kumwamkia Mkubwa", kurasa tatu, na Kifaru aliipenda mno.

"Shoga, unajitesa bure," Kanga akasema. "Mpe mwalimu anachotaka, chukua muhuri wako, nenda zako nyumbani ukapike."

"Anachotaka sikijui. Juzi alitaka utangulizi, jana hautaki."

"Si umuulize? Mdomo unao."

Digidigi akajikokota mpaka ofisini. Akapiga hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo? Sogea nikuone."

"Mimi Digidigi. Nimekuja kuulizia kazi yangu."

"Aaa, wewe wa vitanzi! Keti. Tatizo lako nimelijua. Hatua yako ya kwanza inasemaje?"

"Inasema tulia, mwalimu."

"Kutulia ni kazi?"

Digidigi akaitazama karatasi yake.

"Nakuuliza! Mtu akitulia, amefanya nini?"

"Ametulia, mwalimu."

"Hajafanya kitu! Hatua ni kitendo, bibi we. Mimi tangu nizaliwe, kitu kikinishika navuta, kinakatika. Miiba, nyua za watu, kamba, vyote! Sasa andika hivi. Hatua ya kwanza, vuta kwa nguvu. Hatua ya pili, ikiwa bado, rudia hatua ya kwanza. Hayo mengine yote futa. Ukileta hivyo, Ijumaa nakupigia muhuri, na kwenda kuibandika nitakwenda mwenyewe."

"Mwalimu, atakayevuta atakufa. Mume wangu alivuta."

"Hakuvuta vya kutosha," Kifaru akasema, akachukua karatasi nyingine.

Digidigi alitoka mle hajui anakanyaga wapi. Akazunguka nyuma ya darasa, akalia. Akalia mpaka kwikwi zikamkaba. Akiandika anavyotaka mwalimu, muhuri anaupata, na karatasi ya kuua watu itabandikwa njiani ina jina lake. Asipoandika, njia itabaki vilevile, na kesho kuna mtu atateremka kuchota maji. Akaona bora siku ile naye angekufa tu na mumewe.

"Andika, shoga," Kanga akambembeleza. "Umepigana vya kutosha. Wewe mdogo, wao wakubwa. Utafanyaje?"

Digidigi akaketi sawasawa. Kisha akajifuta machozi.

"Kanga, wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Kunguni wa nini tena?"

"Nataka mwalimu akilalie."

Kesho yake alfajiri, digi digi digi, huyo ofisini. Karatasi safi, hatua mbili tu, vuta kwa nguvu, ikiwa bado rudia hatua ya kwanza. Kifaru akasoma, akacheka mpaka vumbi likaruka.

"Sasa umekuwa mwandishi!"

"Ni wewe, mwalimu, mimi nimenakili tu. Ila nina ombi. Sisi wadogo tutavuta, lakini kuvuta kwenyewe hatukujui. Je, Ijumaa, siku ya kuwasilisha, hutatuonyesha mwenyewe? Chuo kizima kione mwenye nguvu anavyovuta."

Kifaru akatanua kifua. Enyi watoto, mkubwa akisifiwa nguvu zake, masikio yake yanaziba.

"Mbona hilo dogo!" akasema. "Tega kitanzi kikubwa."

Akategewa kikubwa. Digidigi na Kanga walikwenda stoo wakatoa kamba ya katani, ile iliyotumika kuvutia mawe chuo kilipojengwa. Ncha moja wakaifunga kwenye shina la mkwaju, ncha nyingine wakaifanya kitanzi. Ijumaa watu wakajaa uwanjani, na Nyati mbele kabisa kitini.

"Niingize mguu gani?" Kifaru akauliza.

"Wowote, mwalimu. Yote minene."

Wanafunzi kwi kwi kwi! Kifaru akaingiza mguu wa mbele. Digidigi akapanda juu ya kichuguu, akafungua karatasi.

"Hatua ya kwanza! Vuta kwa nguvu!"

Kifaru akavuta. Nyeee! kamba ikalia. Kitanzi kikashika.

"Hatua ya pili! Ikiwa bado, rudia hatua ya kwanza!"

Akavuta. Mkwaju ukatikisika, ukwaju ukamwagika chini, poro poro poro. Kitanzi kikazama nyamani. Hapo watu waliacha kucheka.

"Yalaaa! Hatua ya tatu! Soma hatua ya tatu!"

"Hakuna, mwalimu. Uliifuta."

Nyati akaruka toka kitini. "Mimi nipo, ndugu yangu!" Akamshika Kifaru kiunoni, wakavuta wawili. Nyati akateleza, puu! akaanguka kifudifudi. Kifaru akalia. Mnasikia? Alilia kwa sauti, machozi yanashuka puani, mbele ya wanafunzi wake, mguu umevimba mpaka kamba haionekani.

"Nakufa! Digidigi, mama yangu, nakufa!"

Digidigi pale kichuguuni akaishusha karatasi. Alidhani atafurahi. Hakufurahi hata kidogo, kilio kile alikuwa ameshakisikia siku moja, njia ya mtoni. Akashuka haraka, akatoa kwapani ile karatasi yake ya masika, imechakaa, imekunjika, akaiweka chini ya pua ya Kifaru.

"Soma, mwalimu."

"Nisomee wewe!"

"Soma mwenyewe. Mpaka mwisho."

Kifaru akasoma, fuu, fuu. "Tulia... Lakini kutulia si..." Akajaribu kuvuta tena kidogo, akapiga ukelele uliowafukuza ndege mtini. Basi akakoma. Akatulia. Uwanja mzima kimya, tii. Akapumua mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Akasoma hatua ya pili, akasogea kuelekea mkwaju, na kamba ikalegea. Akasoma ya tatu, akainama, akapanua kitanzi kwa meno. Akasoma ya nne, akatoa mguu.

Alikaa chini akiutazama mguu wake muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Muhuri uko wapi?"

Ukaletwa. Pa!

Nyati, pua imejaa vumbi, akamgeukia Digidigi kwa ukali. "Sasa wewe, kama ulijua yote haya, kwa nini hukutuambia?"

"Niliwaambia mara tano, Mkuu. Mkaniandikia rudia."

Nyati akaanza kujipangusa vumbi. Digidigi hakumngoja. Digi digi digi, akashika njia ya mtoni, karatasi kifuani, akaibandika kwenye mti ulio karibu zaidi na mitego, usawa wa macho ya mtu aliyenaswa. Alikuwa na furaha, nayo furaha ilikuwa kitu alichokisahau.

Paa mmoja akawa anapita na mtungi wake. Mama mtu mzima, Digidigi hakumfahamu. Akatua mtungi, akasoma, taratibu, mdomo unacheza. Akafika mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Kumbe ni hivi tu?" akauliza.

"Ni hivi tu, mama."

"Ukitulia, inalegea?"

"Inalegea."

Paa akaugusa muhuri kwa kidole, wino bado mbichi. "Umeiandika leo?"

Digidigi angeweza kudanganya. Mdomo wake mwepesi uliomdanganya Kifaru ulikuwa uleule. Lakini haukufunguka kwa uongo.

"Hapana, mama. Nimeiandika masika yalipoanza."

Paa akautoa mkono kwenye muhuri. Akawa anahesabu kwa vidole, wiki, mwezi, mwezi na nusu.

"Mwanangu alinaswa wakati wa palizi," akasema. "Alikuwa na nguvu sana. Alivuta siku nzima."

Akajitwika mtungi, akateremka mtoni. Digidigi alibaki amesimama pale chini ya karatasi yake yenye muhuri, akimtazama mpaka akapotea njiani.

Mimi nami ulimi wangu umefika ukingoni, lakini hili mlishike, wanangu: mwenye muhuri asome mpaka mwisho, maana karatasi inayolala mezani kwake, kuna roho inaingoja njiani.