Upanga wa Kamsing na Jini wa Tanuri

Katika nchi ya Sayamu, enzi ambazo majini walikuwa bado hawajachoshwa na binadamu, alitawala mjini Suwanburi Sultani Intharat, na kuta za jumba lake zilijaa panga za fahari hata pa kupigilia msumari palikuwa hapana, wala hakupata kuutazama hata mmoja zaidi ya kupepesa jicho. Naye alikuwa na binti, Chansuda, aliyependana na Kamsing mfua panga, tena mapenzi ya kufa na kuzikana.

Sultani akamwita Kamsing akanena, "Niletee upanga utakaonisahaulisha chakula changu, nami nitakuoza binti yangu. Ukishindwa, mwezi ukiandama ataolewa na mwana wa waziri."

"Nimesikia na nimetii, ewe maulana."

Basi desturi ya wafua panga wa nchi ile ni kwamba kabla ya nyundo ya kwanza, fundi huketi chini mbele ya tanuri, akaweka shada la maua na ubani, na akawashukuru walimu wake, walio hai na waliotangulia. Lakini Kamsing, mapenzi yamemjaa kichwani, aliyaruka yote hayo akakamata nyundo. Makaa ya mianzi yakawaka vizuri, na chuma kikabaki baridi kama maji ya mtungini.

Mara jini akachomoza kichwa tanurini, amenuna. "Babu yako alinipa maua, baba yako alinipa maua, na wewe waja mikono mitupu kuniamrisha nikuchemshie chuma! Kwani mimi kuni?"

Kamsing akaona haya kwelikweli, akapiga magoti akaomba radhi, akaleta maua, akamtaja marehemu baba yake aliyemfundisha kazi. Jini akalainika, akapiga kofi, na upanga wa almasi ukatua juu ya fuawe.

"Chukua, ukaoe."

Moyo ulimruka Kamsing, na mkono ukamwasha kuuchukua. Kisha akasema, "Ni mzuri, ewe bwana wa moto. Lakini nikiupeleka huu, Chansuda atakuwa ameolewa na wewe."

Jini akacheka hata masizi yakamdondoka. "Basi nitumie upendavyo!"

"Vuta mivukuto."

Jini akavuta, huku akilalamikia mgongo, na Kamsing akakikunja chuma na kukifua na kukikunja tena, akakizamisha katika maji, akakisugua kwa jiwe, na mpini mrefu akausokotea henzerani.

Sultani aliupokea mezani. "Almasi ziko wapi?" Mawaziri wakacheka.

"Baba," akasema Chansuda, "uelekeze dirishani."

Jua likapita juu ya bapa, na mikunjo ya chuma ikaonekana yote, tabaka juu ya tabaka. Sultani akausogeza karibu na macho. Akatazama, akageuza, akatazama tena, kisha akaweka kidole karibu na mpini.

"Hapa nyundo ilisita."

"Naam, maulana. Hapo nilimkumbuka binti yako."

Sultani akaitazama sahani yake, akacheka. "Wali umepoa. Mwoe!"

Wakaoana kwa ngoma na vifijo, na Sultani akaziteremsha panga zake ukutani akazitazama mmoja mmoja, akajaa furaha na majuto. Na msimu uliofuata alikwenda mwenyewe na shada la maua, akaketi chini mbele ya tanuri.

"Kachelewa huyu," akasema jini, "lakini mpisheni akae."

Nasi tujue kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kazi ya mkono humlipa fundi mara mbili, akiifanya na ikitazamwa.